Nesi Aliyekataa Kushinda

Jumamosi ile duka la vifaa vya umeme lilijaa watu hadi mlangoni. Bei zilikuwa zimeshushwa, na kila mtu alikuwa na lake: huyu feni, yule pasi, na mama mmoja alikuwa amekumbatia jokofu dogo kana kwamba limejaribu kutoroka. Katikati ya msukumano huo, mwalimu wa udereva alisimama mbele ya televisheni kubwa ya maonyesho, ameshika padi ya gemu isiyo na waya, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo.

Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Suruali yake ya kaki ilikuwa na vumbi magotini, na kilemba chekundu alichokifunga asubuhi kwa haraka kilikuwa kimeanza kulegea. Hakujali. Kwenye kioo gari la kijani lilikuwa likipanda milima, likikata kona moja baada ya nyingine bila kutetereka. Lilipovuka mstari wa mwisho mbele ya magari yote, alimgeukia mtu aliyesimama karibu naye.

"Umeona hilo?"

"Nimeliona," alijibu yule kaka. Alikuwa mrefu, shati la samawati, sauti ya taratibu. "Limependeza."

"Miaka yote nafundisha watu kuendesha, sikujua nina kipaji hiki!"

Yule kaka alijikuna sikio. "Samahani, dada. Sijui niseme vipi. Gari lako ni lile jekundu."

"Jekundu lipi?"

"Lile pale chini. Lililogonga ukuta. Limekuwa pale tangu tuanze."

Mwalimu aliangalia. Kweli, kwenye kona ya kioo gari jekundu lilikuwa limebandika pua ukutani, magurudumu yanazunguka, moshi unafuka. Akaangalia mikono ya yule kaka. Na yeye alikuwa na padi.

"Kwa hiyo la kijani ni lako?"

"Ndiyo."

"Na umeniacha nishangilie hadi mwisho?"

"Ulikuwa unafurahi sana. Nikaona ni dhambi kukukatiza."

Mwalimu alicheka hadi mama wa jokofu akageuka. Wakati huo muuzaji, msichana mwenye kucha ndefu za zambarau, alikuja na kupanga padi tano mezani.

"Zote nzuri," alisema.

"Nzuri kwa nani?" yule kaka aliuliza kwa upole, akaanza kuzigeuza moja moja kama mtu anayechagua nyanya. "Mimi ni nesi wa wodi ya watoto. Kuna mfadhili ametupa smati tivii, inacheza gemu yenyewe kwa intaneti, haihitaji mashine nyingine. Ila padi hakutupa. Watoto wanaikodolea macho tu."

"Unataka ya namna gani?"

"Isiyo na mifereji mingi, maana kila jioni lazima ipanguswe kwa dawa. Ianguke isivunjike. Na vidole vidogo vifike vitufe vya juu. Wewe je?"

"Mimi kutwa nakaa kiti cha abiria huku watu wakijaribu kuniua. Nikirudi nyumbani nataka nishike usukani mwenyewe, na nikigonga nisiandike ripoti."

Nesi alicheka, akamwonyesha namna ya kujaribu. Kwanza asome boksi, kwa kuwa nyingine zinakubali simu tu, tivii hazina habari nayo. Halafu abonyeze huku jicho liko kwenye gurudumu. "Hii hapa inachelewa. Ukibonyeza, gari linafikiria kwanza."

"Kama wanafunzi wangu."

Mwalimu alipojaribu ile nyeusi, uso ulimng'aa. Vitufe vyake vya nyuma vilikuwa vikizama kidogo kidogo kadiri anavyokandamiza. "Hii ina pedali! Inajua mafuta hayamiminwi, yanakanyagwa polepole. Hii ni yangu."

Nesi alichukua mbili nyeupe, ndogo, laini kama sabuni. Mlangoni aliandika namba yake ya simu juu ya boksi la Mwalimu.

"Ikikataa kuungana na tivii, nipigie."

"Na isipokataa?"

Alifikiri. "Nipigie uniambie haikukataa."

Padi ilikataa. Na ingekubalije? Mwalimu alipoiwasha mara ya kwanza, ujumbe ulitokea kwenye simu ya mama yake, ukiuliza kama kifaa kiungane. Mama yake ni mtu wa kubonyeza "ndiyo" kwa kila kitu anachoulizwa na simu. Tangu hapo, kila padi ikiamka ilikuwa inakimbilia simu ya mama, na kila Mwalimu akikanyaga mafuta, picha za wajukuu zilikuwa zinapita zenyewe.

"Hallo, Nesi?"

"Nani mwenzangu?"

"Gari jekundu."

Upande wa pili kikasikika kicheko, halafu mlango ukifungwa, mtu akitafuta mahali pa utulivu. "Imekataa?"

"Imekataa, na mama anasema simu yake imeingiliwa na jini."

"Mwambie shikamoo, na mwambie jini nalifahamu. Fungua simu yake, ingia kwenye blututhi, tafuta jina la padi, uiambie simu iisahau."

"Iisahau?"

"Kabisa. Halafu shikilia kitufe cha katikati hadi taa ipepese haraka haraka. Sasa itafute kwenye tivii."

"Inapepesa... Inatafuta... Nesi! Imeingia!"

"Muulize kama ameoa," mama alisema kwa sauti ambayo haikuhitaji simu.

"Sijaoa, mama," Nesi alijibu.

Kuanzia hapo Jumapili zikapata mwenyewe. Nesi alikuwa akija alasiri akitoka zamu, amekoga, amevaa shati lenye mistari ya pasi mikononi, ananukia sabuni tupu. Alijinunulia padi nyeusi kama ya Mwalimu, akawa anakuja nayo mfukoni. Walikaa kwenye kochi, mama akiwa kiti cha pembeni akijifanya anasoma gazeti, na mbio zikaanza.

Ajabu ni kwamba Nesi alikuwa anaongoza vizuri tu hadi kona ya mwisho. Hapo gari lake liliacha barabara, likaparamia nyasi, naye akashika kichwa.

"Aa! Kona hii inanichukia!"

Gari la Mwalimu likapita. Mwalimu alirusha mikono juu, akazunguka meza akicheza, kisha akarudi kumpapasa mshindwa wake kichwani.

"Pole, kipenzi. Wengine tumezaliwa na usukani mkononi."

"Nifundishe basi."

"Wewe kona unaiogopa. Ukiiogopa inajua."

"Nitajitahidi, Mwalimu wangu."

"Unasema hivyo kila wiki!"

Yote yangekuwa mchezo tu, kama isingekuwa historia ya Mwalimu. Kabla ya Nesi alikuwa na mchumba, karani wa benki, mtu wa "sawa, mpenzi" asubuhi na jioni. Nyumba hii? Sawa, mpenzi. Rangi hii ya sare? Sawa, mpenzi. Harusi ilipokuwa mlangoni, karani alikaa chini akasema nyumba hakuipenda, rangi hakuipenda, wala tarehe hakuitaka, ila aliona vibaya kusema. Akaondoka. Gauni lilibaki kabatini, na Mwalimu akajiapia jambo moja. Mwanaume anayemkatalia ataweza kuishi naye. Anayemkubalia kwa mdomo huku moyo uko kwingine, hapana, hata awe na mabawa.

Ndiyo maana Nesi alimwingia moyoni. Alikuwa akishindwa wazi, analalamika wazi, anacheka wazi. Mtu wa namna hiyo ana kitu gani cha kuficha?

"Jumapili ijayo," Nesi alisema siku moja wakiwa mlangoni, "ningependa kuja na shangazi yangu. Yule aliyenilea. Aje azungumze na mama."

"Azungumze nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Mwalimu, usinikanyagie mafuta. Nitasema mbele ya shangazi."

Mwalimu alipofunga mlango, alimkuta mama amesimama nyuma yake, gazeti mkononi, juu chini.

Katikati ya wiki mwanafunzi mmoja alighairi somo, na Mwalimu akapata mchana mtupu. Nesi alikuwa amemweleza kwamba padi moja ya wodini ilianguka na kitufe chake kimekwama. Aliingia dukani, akanunua nyingine nyeupe, akavaa gauni la njano analolipenda, akaenda bila kupiga simu. Alitaka kuuona uso wake akishtuka.

Wodi ya watoto ilikuwa ndefu, kuta za kijani kibichi, vitanda vimegeuzwa kuelekea televisheni. Nesi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha msichana mdogo mwenye mguu kwenye plasta. Hawakumwona. Magari mawili yalikuwa yakikimbia kwenye kioo, la kijani mbele.

Mwalimu hakutazama kioo. Mtu aliyekaa miaka kando ya madereva wapya hatazami barabara peke yake. Anatazama mikono na miguu, maana kosa huanzia huko. Akaona kidole cha Nesi kikiachia kitufe cha mafuta taratibu, kabla ya kona, kama mtu anayetua kikombe mezani. Gari likaacha barabara.

"Aa! Kona hii inanichukia!"

Sauti ile ile. Mkono kichwani vile vile. Msichana alipiga kelele za furaha, na msimamizi wa wodi, mama mnene mwenye miwani shingoni, akamsogelea Mwalimu akitabasamu.

"Umependezwa? Hapa ndiyo kanuni yetu. Mfanyakazi hamshindi mgonjwa, hata iweje. Ila huyu kijana anajua kushindwa, wengine tunaigiza vibaya hadi watoto wanatushtukia. Ukitaka kumwona mwenyewe, subiri tucheze sisi kwa sisi chumba cha chai. Anatunyoa wote."

"Hajawahi kushindwa?"

"Huyu? Labda alale."

Mwalimu aliweka padi mpya mezani kwa msimamizi, akasema ni zawadi ya watoto, akatoka.

Simu ililia jioni hiyo hiyo.

"Mpenzi, nimeambiwa kulikuwa na dada wa gauni la njano. Mbona hukuniita?"

"Nikuulize. Zile Jumapili zote, umewahi kushindwa kweli hata mara moja?"

Kijiko kiligonga kikombe upande wa pili.

"Nesi."

"Mara ya pili ulikaribia."

"Usinichekeshe!"

"Nilitaka ufurahi tu. Unatoka kazini umechoka, unashinda, unacheza kuzunguka meza. Mimi napenda kukuona vile."

"Mimi siumwi, Nesi. Sina plasta. Ulikuwa unanilaza kitandani na mimi nadhani nimekaa nawe kochini."

"Ni gemu tu, mpenzi."

"Kwa karani nako ilikuwa rangi tu. Nilishaishi na mtu aliyenifurahisha, nikaja kujua siku ambayo gauni limeshashonwa. Sasa wewe nikikuuliza jambo lolote, nitajuaje kama umeachia mafuta? Shangazi asije."

"Mwalimu, nisikilize..."

"Asije."

Akakata. Mama, aliyekuwa jikoni, alizima bomba ili asikie vizuri, lakini hapakuwa na kitu zaidi cha kusikia.

Siku zilizofuata Mwalimu alifundisha kama roboti. Mwanafunzi wake wa mchana alikuwa mshonaji wa mapazia, bibi wa watu, ana wajukuu, mkali kama pilipili. Siku moja walizunguka mjini, wakapita mzunguko wa makutano ya barabara wenye malori, wakarudi salama. Bibi aliegesha gari, akajipiga kifua.

"Mwalimu, leo sijakosea hata kidogo. Au siyo?"

Gari la shule ya udereva lina breki ya pili, chini ya mguu wa mwalimu. Pale kwenye mzunguko aliikanyaga mara mbili, taratibu, na lori likapita. Alifungua mdomo kusema hongera, kama alivyowaambia mamia kabla ya bibi huyu. Akakumbuka kidole kile kikiachia.

"Nilikanyaga," alisema. "Mara mbili. Ungegonga lori."

Bibi alimkazia macho. "Nilijua!"

"Ulijua?"

"Gari linasimama na mguu wangu bado uko njiani, nisijue? Najua tangu wiki ya kwanza. Na kila ukininyamazia nasema, huyu binti ananionea huruma, ananiona kizee. Juzi nilitaka nisirudi kabisa."

"Sikukuonea huruma. Nilitaka usikate tamaa."

"Basi ndiyo ulikuwa unanikatisha. Haya, umesema. Kosa langu liko wapi?"

"Unaangalia boneti. Angalia mbali."

"Turudi."

Walirudi. Mwalimu alivuta miguu yote miwili nyuma, mbali na breki, akaushika mkanda kwa mikono miwili. Bibi aliangalia mbali, akangoja, akapita mzunguko mzima kwa miguu yake mwenyewe, akitukana malori yote kwa zamu. Walipotoka upande wa pili walikuwa wanapiga kelele wote wawili.

Bibi alipoondoka, Mwalimu alikaa garini muda. Alifikiria idadi ya watu aliowadanganya kwa mguu, wote kwa nia njema, na wote alikuwa akiwapenda. Kisha akatoa simu.

"Hallo?" Nesi alipokea kabla haijalia vizuri.

"Njoo Jumapili."

"Na shangazi?"

"Shangazi angoje. Njoo wewe, na vidole vyako vyote."

Alikuja na shati ambalo halikupigwa pasi. Mama alilitazama shati, akamtazama binti yake, akaenda zake jikoni.

"Kabla hatujaanza," Nesi alisema akiwa amesimama, "nina jambo. Nikicheza kweli, nakuwa mtu mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Dada zangu walikataa kucheza na mimi tangu tukiwa wadogo. Wodini wananivumilia kwa sababu nawapikia chai. Nilikuogopa. Nilisema ukiniona vile, hutataka kuniona tena."

"Kaa," Mwalimu alisema. "Nataka kukuona vile."

Mbio zilianza, na Mwalimu akaelewa kwamba hajawahi kucheza na mtu huyu. Gari la kijani lilipotea mbele yake kama limeitwa. Kona ya kwanza lilikuwa mbele, ya tatu halikuonekana, na muda si muda likatokea tena nyuma yake, likapiga honi, likampita, na mzunguko uliofuata likampita tena. Mwalimu aliendesha kwa nguvu zake zote, meno yamekazana, na kwenye kona ya mwisho akageuza macho kutazama kidole. Kidole hakikuachia.

Nesi aliruka kutoka kwenye kochi.

"Umeona? Umeona hiyo? Nani mwalimu sasa? Nani kazaliwa na usukani? Leta leseni yako niichane!" Alizunguka meza akiinua magoti kama farasi, soksi moja ina tundu, kidole gumba kinachungulia. Alikipigia saluti kioo. Alimpigia saluti mama, aliyekuwa ametoka jikoni kuona kama kuna moto. "Mama, binti yako nimemzunguka mara mbili! Mbili!"

"We kijana!" mama alisema. "Hii ni nyumba ya watu!"

Nesi alisimama ghafla, mikono hewani. Uso ulimshuka. Alimtazama Mwalimu kama mtu aliyevunja chombo ugenini.

Mwalimu alikuwa ameinama, ameziba uso kwa viganja, mabega yanatetemeka. Nesi alipiga goti mbele yake. "Mpenzi? Nilikuambia. Samahani. Unalia?"

Aliondoa viganja. Alikuwa anacheka hadi machozi yameloanisha shingo, hana pumzi ya kutoa neno.

"Wewe," alisema mwishowe, "wewe ni mtu mbaya kabisa."

"Nilikuambia."

"Mbaya sana. Karani hata siku moja hakuwahi kunifanyia ubaya kama huu." Akamshika mashavu. "Kuna kingine umenificha? Sema sasa hivi, ningali nacheka."

Nesi aliangalia dari, akafikiri kwa utaratibu, kama mtu anayepitia dawa za mgonjwa kabla ya zamu kuisha.

"Chai ya mama ina sukari nyingi mno."

"Nimesikia!" mama alisema kutoka jikoni.

"Kingine?"

"Ukinisimulia wanafunzi wako wanavyojaribu kukuua, nawaonea huruma wao, sikuonei wewe."

"Kingine?"

Hapo akayashusha macho kutoka darini. Magari kwenye kioo yalikuwa yamesimama yakingoja mtu abonyeze.

"Nataka kukuoa, na naogopa utakataa. Ukikataa nitaumia, na sitajifanya sikuumia."

Mwalimu alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Alimtazama kwa muda mrefu, mikono yake, mabega yake, uso wake wote, kwa jicho lile analowatazamia watu wanaotaka kukabidhiwa gari. Hakuona kitu kilichoachiwa.

"Shangazi yako," aliuliza, "chai anatia sukari vijiko vingapi?"

Nesi alianza kuhesabu kwa vidole.

"Aje ajitilie mwenyewe!" mama alisema kutoka jikoni, na tayari walimsikia akishusha vikombe vya wageni kutoka rafu ya juu.